Juu Tazama

Skuli yetu iko Wawi, chini ya njia ya ndege,
na kila Jumanne saa tisa tunafundishwa kuruka
ubaoni: kani nne, mishale minne ya chaki,
uzito chini, mnyanyuko juu, msukumo mbele,
na ukinzani nyuma, ambao Mwalimu Hidaya huuchora mfupi
kwa sababu, anasema, chaki inakwisha.

Saa kumi tunatoka uwanjani.
Bereti juu ya ushungi, pini mbili kila upande,
buti namba arubaini na moja kwa mguu wa thelathini na nane.
Pengo nimelijaza gazeti; nikipiga hatua
nasikia habari za mwaka jana zikikunjamana.

Msimu wa karafuu nusu ya uwanja ina majamvi,
basi gwaride letu lina kona
ambayo kitabu cha gwaride hakiijui:
mbele tembea, mbele tembea,
jamvi la Bi Mkasi hilo, kata kushoto.
Kadeti Kombo Faki aliwahi kukanyaga pishi nzima.
Alichambua karafuu hadi isha, bereti kichwani.

Mie ndiye kamanda wa kikosi. Sikuomba.
Afande Shaame alitafuta sauti, si mtu,
na yangu, mama anasema, huamsha kuku wa jirani.
Thelathini na wawili wananitazama,
yaani hawanitazami: macho mbele,
kwenye kitu kilicho nyuma ya sikio langu.
"Askari," husema Afande, "hata nyuki akimwingia puani
humwacha amalize shughuli zake."

Tatizo ni ndege ya saa kumi na robo.
Kivuli chake hupanda majamvi, hushuka,
hupita juu ya bereti moja moja kama anayehesabu,
na hakuna ruhusa ya kuinua shingo.
Bawa lake tumelichora saa moja nyuma.
Tumelipima kwa rula.
Na lenyewe, zima, na misumari yake,
linapita juu ya vichwa vyao
nao wanatazama sikio langu.

Jumanne ile, mstari wa mbele, Mize Khatib,
aliyerusha roketi ya chupa ya soda kwa pampu ya baiskeli
ikatua ndani ya tangi la maji la mwalimu mkuu,
Mize alikuwa analia.
Hakusogea. Hata chozi lilishuka mguu sawa.
Mngurumo ukaanza upande wa minazi.

Nikavuta pumzi.
"Kikosi! Juuu... tazama!"

Amri hiyo haipo. Waliitii.
Shingo thelathini na tatu, na yangu ndani yake,
zikapinda kwa pigo moja,
safi kuliko kulia tazama yoyote tuliyowahi kupiga.
Mize mdomo wazi, anahesabu kitu.

Afande akaja taratibu, fimbo kwapani.
"Amri hiyo ya ukurasa gani?"
"Hakuna, Afande."
"Ndege gani?"
"Mabawa juu ya mwili, Afande. Injini moja.
Magurudumu hayakunjwi. Imeingia na upepo usoni."
Akakunja midomo kama anayeonja chumvi ya mchuzi.
"Na rubani?"
"Sikumwona, Afande."
"Mizunguko saba. Kwa kutomwona rubani."

Nikakimbia. Kata kushoto, jamvi la Bi Mkasi,
naye ameinama juu ya karafuu zake,
anacheka peke yake.
Mzunguko wa nne gazeti likanitoka kwenye buti.
Sikulirudia.
Wa saba, ndege ikashika njia ya kurudi Unguja,
na nilipompita Afande
kiganja chake kilikuwa kwenye paji la uso.
Saluti, au kukinga jua.
Jua lilikuwa mgongoni kwake.